Moyo wa mtoto umesimama: shughulikia hewa kwanza

Ninawaandikia wauguzi wenzangu wa vituo vya afya vya hapa Goma, baada ya kumfundisha dada mmoja wa zamu yetu kushika ambu, yaani mfuko wenye maski unaobanwa kwa mkono ili kumpulizia mgonjwa hewa. Moyo wa mtoto kwa kawaida husimama kwa sababu amekosa hewa kwanza, au damu haizunguki vizuri: nimonia, malaria kali, maji yaliyomwishia kwa kuhara. Kwa hiyo hatua ya 2 ndiyo ndefu.

1. Mwite, mguse, paza sauti upate msaada. Tazama kifua huku ukitafuta mapigo, isizidi sekunde 10. Aliye chini ya mwaka, yatafute upande wa ndani wa mkono wa juu; kwa mtoto mkubwa zaidi, shingoni.

2. Mpe hewa. Mimi huanza na pumzi 5. Nilipokuwa mgeni kazini, mama alimshusha mgongoni mtoto wa miezi 7 asiyepumua. Nilibana ambu, tumbo likavimba, kifua kimya. Kisogo cha mtoto mchanga ni kikubwa: juu ya meza, kidevu humwangukia kifuani na njia ya hewa hufunga. Nilipoona hivyo nikakivuta kichwa nyuma mno, ikafunga tena. Muuguzi mzee alichukua kitenge cha mama, akakikunja mara nne, akakiweka chini ya mabega. Pua ikaelekea dari, kifua kikapanda. Dakika zile nilizozipoteza bado ninazikumbuka.

Maski ifunike pua na mdomo, isiguse macho wala kupita kidevu. Vidole vya chini vishike mfupa wa taya. Ukibonyeza nyama laini chini ya kidevu, unasukuma ulimi uzibe koo. Mkiwa wawili, mmoja ashike maski kwa mikono yote miwili, mwingine abane. Kila pumzi sekunde 1, na uache mara kifua kinapopanda. Umeme ukikatika na mashine ya oksijeni ikazimika, endelea na hewa ya kawaida. Na kila zamu ijaribu ambu: ziba mdomo wake kwa kiganja, bana, ikinywea kirahisi, inavuja.

3. Bado hakuna mapigo, au yako chini ya 60 kwa dakika na mtoto amepauka? Kandamiza nusu ya chini ya mfupa wa kifua, theluthi ya kina chake, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mkiwa wawili, 15 kwa pumzi 2. Peke yako, 30 kwa 2. Acha kifua kirudi juu chenyewe.

4. Adrenalini: ampuli ya mg 1 katika ml 1, ongeza ml 9 za serumu ya chumvi. Mpe ml 0.1 kwa kila kilo, kwenye mshipa au mfupa, kila dakika 3 hadi 5. Mtoto wa kilo 7 anapata ml 0.7.

5. Pima sukari.

Mapigo yakirudi na mkaenda hospitali, msikitoe kile kitenge. Barabara zetu za mawe ya volkano hutikisa kichwa, na kidevu huanguka tena.