Kusoma mazingira ya kale kwenye gego: upimaji wa isotopu za meno ya visukuku ukanda wa Ziwa Victoria

Kabla ya kugusa jino lolote la kisukuku, kusanya kwanza maji, majani na konokono wa mahali lilipotoka. Wengi hufanya kinyume. Wanatoboa jino, wanapeleka unga maabara, wanarudishiwa namba ya isotopu kama -3.5 (yaani atomi nzito za elementi, kwa mfano kaboni, zimezidi au kupungua sehemu ngapi kwa elfu, ‰, kuliko kwenye kipimo cha kulinganishia), kisha wanakwama. Namba hiyo haisemi kitu mpaka ujue nyasi za Magu, wilaya ya mkoa wa Mwanza, zina namba gani, mafunjo ya pembeni mwa ghuba yana namba gani, na maji ya ziwa yanatofautiana vipi na ya mvua. Hapo ndipo kazi nyingi za ukanda huu zinapoharibikia, si kwenye mashine.

Tunapima enameli, ile ngozi ngumu ya nje ya jino, kwa sababu takribani 96% yake ni madini na ikishajengwa mwili haiifanyii ukarabati tena. Kaboni ya chakula na oksijeni ya maji vilivyoingia utotoni hubaki humo. Dentini (sehemu laini zaidi iliyo chini ya enameli) na mfupa vina matundu mengi, hivyo hunyonya kemikali za udongo. Tutavitumia kama kipimo cha uharibifu tu.

Vibali navyo vinatangulia. Visukuku na malikale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964. Kuchimba, kutoboa sampuli na kuipeleka nje ya nchi kunahitaji idhini ya maandishi ya mamlaka ya mambo ya kale, pamoja na kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukiokota jino korongoni, piga picha pale pale, andika vipimo vya GPS, uliache, utoe taarifa. Jino lililong'olewa kwenye tabaka lake limepoteza umri wake, na bila umri kemia haina kazi.

Sasa vielelezo vya sasa. Kwa kila aina ya mwamba chukua mimea mitatu: mti wenye mizizi mirefu, kichaka na nyasi, angalau sehemu tano. Kaa mbali na mashamba yanayowekwa mbolea ya dukani, maana mbolea huleta strontiamu ya ugenini (strontiamu ni elementi itokayo kwenye mwamba, nayo hutuonyesha mtu au mnyama alikulia wapi). Maji ya ziwa, mto, kisima na mvua yajazwe kwenye vichupa vya ml 30 mpaka mdomoni, pasibaki povu la hewa, kisha vifungwe kwa nguvu na kukaa kivulini. Kichupa kilichojaa nusu huvukiza ndani kwa ndani, na kwa jua la Mwanza namba yake ya oksijeni hupanda kabla hujafika nyumbani. Rudia kukusanya masika na vuli.

Uchaguzi wa jino una kanuni yake. Kwa binadamu, gego la kwanza huanza kujengwa karibu na kuzaliwa, hivyo limebeba maziwa ya mama, na maziwa hupandisha oksijeni 18, yaani oksijeni nzito. Gego la pili hujengwa kati ya umri wa miaka 3 na 8 hivi, la mwisho baadaye zaidi. Kwa mazingira chagua la pili au la mwisho. Meno ya binadamu wa kale ni machache mno, kwa hiyo anza na wanyama wa tabaka lile lile: kiboko, twiga, swala, nguruwe. Mara nyingi hao wanatosha kueleza mandhari, na jino la mtu hutobolewa tu pale ambapo lina ufa wa zamani au kipande kilichokwisha kumeguka.

Mkono ujifunzie kwenye taya mbichi la ng'ombe kutoka machinjioni. Ukifika kwenye kisukuku, futa kwanza gundi ya wahifadhi kwa asetoni. Kwa drili ya meno yenye kichwa cha almasi, iende taratibu, kwangua uso wa nje wa enameli na utupe vumbi lake la kwanza. Halafu toboa mstari wa kimo chote cha jino, upate mg 10 za unga kwenye karatasi safi ya maabara. Kidole kikihisi joto, simama. Unga wa enameli ni mweupe na unakwaruza. Ukibadilika ghafla kuwa laini na wa njano au kahawia, umeingia kwenye dentini, na unga huo usichanganywe. Ukitaka kuona misimu kwenye jino refu la mla nyasi, chora mistari ya kulala kila mm 2 kutoka kwenye ncha hadi kwenye fizi. Kumbuka lakini kwamba enameli hukomaa kwa miezi kadhaa, hivyo tofauti ya kiangazi na masika utakayoiona ni ndogo kuliko ilivyokuwa kweli.

Usafishaji hufanyika kwenye vichupa vyenye mfuniko. Weka klorini ya maabara (haipokloraiti ya sodiamu) ya 2% kwa nusu saa ili kuondoa mabaki ya viumbe. Ile ya kufulia usitumie: nguvu yake hushuka chupa ikikaa, na nyingine zina manukato. Suuza mara tatu kwa maji yaliyokenekwa. Kisha asidi ya asetiki ya 0.1 M, ml 0.1 kwa kila mg 1 ya unga, kwa saa 4, ili kuyeyusha chokaa iliyojipenyeza wakati jino liko ardhini. Lita moja ya asidi hiyo hupatikana kwa kumimina ml 5.7 za asidi kali ya asetiki kwenye maji, kisha kuongeza maji mpaka lita itimie. Asidi ndiyo imiminwe kwenye maji. Saa zikizidi, enameli yenyewe huanza kuliwa na namba huhama. Umeme ukikatika mashine ya kuzungusha vichupa ili unga utuame ikiwa inafanya kazi, usisubiri urudi: acha unga utuame, nyonya asidi kwa pipeti, suuza mara tatu. Kausha kwa nyuzi 50 hadi 60 usiku mzima na uhifadhi kwenye chombo chenye jeli ya silika, maana hewa ya ziwani ina unyevu na unga uliolowa hudanganya mizani. Tegemea kupoteza theluthi hadi nusu ya unga njiani.

Maabara yenye spektromita ya masi (mashine inayotenganisha atomi kwa uzito) itaweka mg 0.5 hadi 1 kwenye asidi ya fosfori na kupima gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka. Waombe matokeo ya viwango (sampuli za kulinganishia ambazo namba zake zinajulikana) vilivyopimwa siku ile ile, na kila sampuli ya kumi irudiwe. Kaboni ikipishana zaidi ya 0.2‰ kwenye marudio, shaka ianzie kwenye usafishaji.

Kabla ya kutafsiri, hakiki kwamba jino ni zima kikemia. Linganisha enameli na dentini yake: namba za kaboni zikilingana, na zikilingana pia na chokaa ya udongo, udongo umeingia. Linganisha twiga na mla nyasi wa tabaka moja: wakitoa namba za kufanana, kuna kilichoharibika. Rangi isikutishe, jino jeusi kwa manganizi linaweza kuwa zima kabisa.

Kwa Afrika Mashariki, enameli ya mnyama alaye mimea yenye namba ya kaboni iliyo chini ya -8‰ inaonyesha miti, vichaka na mimea mingine ya kundi la C3. Iliyo juu ya -1‰ inaonyesha nyasi za joto, yaani C4. Katikati ni mchanganyiko. Kosa la kawaida liko kwenye hesabu. Chukua gego la swala pala la kale lenye -3.5. Mimea ya leo ya C3 ina -27 na ya C4 ina -12.5, enameli ya mnyama mkubwa acheuaye huongeza 14, hivyo mipaka ni -13 na +1.5. Swala huyo anaonekana kula nyasi 66%. Lakini moshi wa makaa na mafuta umeshusha kaboni 13 (kaboni nzito) ya hewa kwa takribani 2‰ tangu viwanda vianze. Rekebisha mipaka iwe -11 na +3.5, na nyasi zinashuka hadi 52%. Nyika ya wazi imegeuka kuwa mbuga yenye miti.

Kosa la pili ni la huku kwetu hasa: si kila C4 ni nyasi za nchi kavu. Mafunjo ni C4, matete jirani yake ni C3. Mwaka 2008 Nikolaas van der Merwe, Fidelis Masao na Marion Bamford walionyesha kwamba Paranthropus boisei, jamaa wa kale wa binadamu, wa Olduvai na Peninj kaskazini mwa Tanzania walipata 77 hadi 81% ya chakula kutoka kundi la C4, na mafunjo yalitajwa kati ya vyakula vinavyowezekana. Kwa hiyo namba ya juu kando ya ziwa inaweza kumaanisha kinamasi. Kinachoamua ni mikwaruzo ya jino, chavua kwenye udongo na oksijeni.

Oksijeni ya maji ya Ziwa Victoria iko juu ya mvua, karibu +3 hadi +4‰ dhidi ya mvua iliyo chini ya sifuri, kwa sababu ziwa hupoteza maji mengi kwa kuvukizwa na jua. Mnywaji wa ziwa na mnywaji wa chemchemi hawafanani hata wakiishi kijiji kimoja. Uji, mchuzi na pombe vinavyochemka muda mrefu hupandisha namba zaidi. Matokeo ya maji huja kwenye kipimo cha VSMOW (kinacholinganisha na maji ya bahari) na ya enameli kwenye VPDB (kinacholinganisha na chokaa ya kisukuku). Zidisha ya enameli kwa 1.03092, ongeza 30.92, ndipo ulinganishe. Ukame hupimwa kwa pengo kati ya wanyama: kiboko hufuata maji anamoshinda, twiga hupata maji yake kwenye majani yanayovukiza, hivyo pengo likipanuka nchi ilikuwa kavu. Na kwa meno ya kati ya miaka 18,000 na 14,000 hivi iliyopita, weka pembeni kabisa vielelezo vya maji ya ziwa la leo, kwani kwa sehemu ya kipindi hicho ziwa lilikuwa limekauka.

Strontiamu hueleza mtu au mnyama alikulia wapi. Graniti za Mwanza zina zaidi ya miaka bilioni 2.5, rubidiamu yake, elementi inayogeuka polepole kuwa strontiamu 87, imezalisha strontiamu hiyo kwa wingi, na uwiano wake na strontiamu 86 hupanda kupita 0.710. Majivu ya volkano ya tambarare za Serengeti yako karibu 0.704 hadi 0.706. Lakini mto Simiyu na vumbi la upepo huvichanganya, na mla samaki hubeba wastani wa ziwa zima, asionekane mwenyeji wa mwamba wowote. Sangara wa sokoni asiwe kielelezo chako cha chakula cha kale, aliletwa ziwani miaka ya 1950. Tumia konokono na mimea.

Unga uliobaki uandikwe namba ya jino, kimo cha tundu kutoka shingoni na tarehe, urudishwe jumba la makumbusho pamoja na jino, na picha ya tundu iambatanishwe, ili atakayefuata asitoboe upya mahali pale pale.