Somo: Kuchagua monita za studio ya nyumbani, ukianzia na futi kamba

Wakuu, mwangaluka.

Swali la "monita gani kali nichukue?", yaani spika za kumiksia studio, linajibiwa kila siku kwa majina matupu: chukua Yamaha, chukua KRK, mara JBL. Anayejibu hajui kama unarekodia kwenye sebule kubwa ya Buhongwa, hapa Mwanza, au kwenye chumba cha kupanga Mabatini, kitanda kimegusana na meza ya kompyuta. Somo hili linaanzia chumbani, dukani tutafika baadaye. Nazungumzia monita zenye amplifaya ndani, zile unazochomeka kwenye umeme na kwenye saundi kadi, basi.

Na tuelewane mapema: monita si sabufa. Sabufa imetengenezwa ikufurahishe, kwa hiyo besi na trebo zimeshapandishwa kiwandani. Monita kazi yake ni kukuonyesha kilichomo kwenye wimbo, hata kama hakipendezi. Yamaha walipotoa NS-10 mwaka 1978 ilikuwa spika ya kusikilizia muziki nyumbani, ndogo, koni nyeupe. Maprodyuza ndio walioihamishia studio, na si kwa sababu ilikuwa tamu. Miksi mbovu, yaani sauti na ala za wimbo zilizochanganywa vibaya, ilisikika mbovu humo. Ile ilihitaji amplifaya ya pembeni, na uzalishaji wake ulisimama mwaka 2001, ila koni nyeupe unazoziona leo kwenye monita za Yamaha, HS5 na ndugu zake, zimetoka huko.

Hatua ya 1: Pima chumba

Chukua futi kamba, pima urefu, upana na kimo. Vyumba vingi vya kupanga hapa mjini ni futi 10 kwa 10, yaani kama mita 3 kwa 3. Sasa piga hesabu ndogo. Sauti hewani inasafiri kama mita 343 kwa sekunde. Gawanya 343 kwa mara mbili ya urefu wa chumba: 343 kwa 6, unapata Hz 57 hivi, yaani mitikisiko 57 kwa sekunde. Noti ya besi iliyo karibu na hapo itavimba ukisimama ukutani, na itapotea ukikaa katikati ya chumba. Spika ni ileile na wimbo ni uleule, ila ukisogeza kiti hatua moja unapata besi nyingine kabisa. Na kama chumba ni mraba, kuta za pande zote mbili zinavimbisha noti hiyohiyo kwa pamoja, na hali inakuwa mbaya zaidi.

Kumbuka waya mnene wa gitaa la besi, E ya chini, uko Hz 41. Kiki na besi za biti nyingi za kisasa zinacheza kati ya 40 na 60. Yaani palepale chumba chako kinapodanganya. Mtu mwenye chumba cha futi 10 akiniambia anataka wufa (ile koni kubwa ya besi) za inchi 8, namwambia atalipia besi ambayo chumba hakiwezi kumsikilizisha kwa ukweli.

Kwa maoni yangu: futi 10 kwa 10, inchi 4 au 5 zinatosha. Futi 12 kwa 15, unaweza kwenda inchi 5 hadi 7. Inchi 8 waachie wenye sebule kubwa au ukumbi mdogo.

Chumba kikiwa mstatili, meza ikae kwenye ukuta mfupi ili spika zipige kuelekea urefu wa chumba. Usikae katikati kabisa. Chumba cha mita 4, kichwa chako kiwe kama mita moja na nusu kutoka ukuta wa mbele. Hapo ni pa kuanzia tu, sogeza kiti mbele na nyuma mpaka besi itulie.

Hatua ya 2: Soma boksi kwa makini

HS5 imeandikwa inashuka mpaka Hz 54. Ni kweli, lakini namba hiyo ni pale ambapo sauti imeshapungua kwa dB 10 (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukitumia kipimo kikali zaidi, cha kupungua dB 3 tu, HS5 hiyohiyo inaanzia Hz 74. JBL 305P MkII nayo imeandikwa 43, vilevile kwa dB 10. Ukilinganisha spika mbili, hakikisha namba zote mbili zimepimwa kwa kipimo kimoja, la sivyo unalinganisha maandishi ya matangazo.

Wati zisikutishe. HS5 ina wati 70: 45 za wufa, 25 za twita (ile ndogo ya sauti za juu), kila moja na amplifaya yake. Mtu aliyezoea sabufa yenye stika ya PMPO, wati za matangazo, elfu kadhaa atacheka. Acha acheke. Umekaa mita moja kutoka kwenye spika, wati 70 zinatosha kumfanya jirani agonge ukuta.

Mengine ya kuuliza kabla hujatoa hela: bei ni ya spika moja au jozi? Monita nyingi zinauzwa mojamoja, na watu hushtukia njiani. Nyuma pameandikwa volti ngapi? Umeme wetu ni volti 230, Hz 50. Mzigo uliotoka Marekani kwenye begi la mtu unaweza kuwa wa 115 tu, na ukiuchomeka hivyo unaukaanga. Baadhi zina swichi ya kuchagua, nyingine zinapokea zote, nyingine hazina msaada. Na uzito: HS5 moja ina kilo 5.3. Ukiinyanyua ukahisi umebeba boksi la biskuti, irudishe mezani kwa adabu.

Kama mzigo unatoka Kariakoo kwa basi, omba boksi la kiwandani liwekwe ndani ya boksi jingine, na usikubali walaze gunia la mchele juu yake.

Hatua ya 3: Sikiliza kwa nyimbo unazozijua

Nenda na laptopu na saundi kadi yako, si bluututhi ya simu. Beba wimbo wa bongo fleva unaoujua kila pumzi, rekodi ya sauti ya mtu peke yake, na kitu chenye ngoma za kweli. Mimi nabeba rekodi ya ngoma za Kisukuma, kwa sababu ngoma kubwa ikipigwa karibu unasikia kwanza mkono kwenye ngozi, halafu mwili wa ngoma. Spika mbovu inavichanganya hivyo viwili vikawa "bumu" moja.

Sauti ya muimbaji inatakiwa isimame katikati, kama vile kuna mtu kati ya spika mbili. Ikitanda kushoto na kulia, kuna waya umegeuzwa au spika hazifanani. Linganisha jozi mbili kwa sauti sawa, maana ile inayopiga juu kidogo ndiyo sikio litakayoipenda, hata kama ni mbaya. Mwisho simamisha muziki, sogeza sikio kwenye twita. "Shiii" ndogo ni kawaida kwa spika yenye amplifaya ndani. Ukiisikia ukiwa umekaa kwenye kiti, hapana.

Ya mtumba? Angalia koni kwa tochi kama imewahi kugundishwa, na pigisha sauti za chini taratibu usikilize mkwaruzo. Usibonyeze twita kwa kidole, na usimruhusu mwenye duka akuonyeshe kwa kuibonyeza.

Hatua ya 4: Kuziweka

Spika mbili na kichwa chako vitengeneze pembetatu yenye pande sawa, mita moja hivi kila upande. Twita iwe usawa wa sikio. Meza ikiwa fupi, tofali mbili kila upande na kipande cha godoro gumu juu vinafanya kazi ya stendi.

Ukuta wa nyuma ndio unaosumbua wengi. Besi inazunguka nyuma ya spika, inagonga ukuta, inarudi na kuua noti fulani. Spika ikiwa sentimita 60 kutoka ukutani, inayokufa ni karibu Hz 143, palepale ilipo nyama ya sauti ya kiume. Ukiisogeza hadi sentimita 20, shimo linapanda mpaka kama Hz 430 na madhara yanapungua. Kwa hiyo kwenye chumba kidogo isogeze karibu na ukuta, acha nafasi ya tundu la besi kupumua kama liko nyuma, kisha punguza besi kwa swichi. HS5 ina ROOM CONTROL: weka -2 au -4. JBL wana yao inaitwa Boundary EQ.

Mtu atakwambia spika yenye tundu mbele inaweza kugusa ukuta bila shida. Tundu halitaziba, sawa. Besi itavimba vilevile.

Hatua ya 5: Waya na umeme

Tumia XLR, ile ya pini tatu kama ya maiki, au jeki kubwa yenye mistari miwili myeusi. Waya za AV, nyekundu na nyeupe, ni za kuanzia tu. Ukiwasha, monita ziwe za mwisho. Ukizima, ziwe za kwanza. Umeme ukikatika, zima swichi zake hapohapo, usisubiri urudi. Gadi au stabilaiza nzuri inunuliwe siku moja na spika.

Hatua ya 6: Toa trei za mayai ukutani

Najua nagusa watu. Trei ni karatasi nyembamba. Zinapunguza kidogo mwangwi wa juu, besi inapita kama hazipo, na jirani anasikia kila kitu. Isitoshe, mende wanazipenda na zinashika moto haraka.

Sisi tuko kwenye ukanda wa pamba, tuutumie. Tengeneza fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 10, jaza pamba au mitumba chakavu iliyochambuliwa, usishindilie, funika kwa kitambaa ambacho ukipuliza pumzi inapita. Weka moja kushoto na moja kulia pale kioo kinapokuonyesha spika ukiwa umekaa (rafiki ashike kioo ukutani, akisogeze), na moja juu ya kichwa kama dari linaruhusu. Ukiacha nafasi ya sentimita 10 kati ya fremu na ukuta, inashika sauti za chini zaidi. Kwenye kona za chumba weka kitu kinene zaidi, hata godoro la zamani lililosimamishwa. Pamba nayo inawaka, kwa hiyo mbali na soketi na waya za moto.

Nyumba ya bati bila dari: mvua ikinyesha, miksi haiwezekani. Hakuna monita ya kutibu hilo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Igoma: Mkuu, hela inatosha HS5 moja. Ninunue moja sasa, nyingine baada ya mavuno?

Inawezekana, na si aibu. Iweke mbele yako katikati, miksi kwa mono, yaani kushoto na kulia vyote kwenye spika moja. Uwiano wa sauti na biti unausikia vizuri hivyo, na wasikilizaji wengi wana simu yenye kispika kimoja. Usichoweza ni kupanga vitu kushoto na kulia. Nunua ya pili mapema kabla toleo halijabadilika, maana matoleo mawili tofauti hayafanyi jozi.

Mama Kwaya, Nyegezi: Tunarekodi kwaya yetu. Je, monita hizo tuzitumie na kwenye ibada ya Jumapili?

Hapana mama. Zimetengenezwa kwa mtu aliyekaa mita moja. Ukizisukuma zijaze kanisa, twita zitaungua kabla ya mahubiri. Za ibada ziwe spika za PA, zile za kupigia ukumbini.

Prodyuza mchanga, Igogo: Nikichomeka chaja ya laptopu, spika zinalia zzzz. Nikichomoa, kimya. Fundi kaniambia nikate pini ya athi.

Usikate, kaka. Hiyo pini ndiyo inayokulinda na shoti. Kwanza badilisha waya za AV uweke zile za jeki kubwa au XLR. Pili, chomeka laptopu, saundi kadi na monita kwenye ekstensheni moja. Ikigoma, mwite fundi umeme apime kama nyumba ina athi kweli. Huko mlimani, fito ya athi inagonga jiwe nusu mita tu chini, na wengine huikata hapo wakafukia. Inabidi itafutwe sehemu yenye udongo wa kina, hata kama ni mbali kidogo na nyumba.

Mwana Musoma: Nakaa karibu kabisa na ziwa. Wadudu wa ziwani wakija wanajaa kila mahali. Monita zitapona?

Zima taa, wanafuata mwanga. Ukimaliza kazi na spika zimepoa, zifunike khanga. Usipulizie dawa ya wadudu karibu na koni, na usifute twita kwa kitambaa. Tumia brashi laini ya rangi, wufa tu. Kwenye unyevu wa ziwani, zichezeshe mara kwa mara, na chomoa waya kila baada ya muda uangalie kutu kwenye jeki.

Asiye na chumba: Hedifoni hazitoshi?

Za kufunga sikio kwa kurekodi, ndiyo. Kumiksi pia inawezekana, na kwa besi ya chini ya Hz 60 kwenye chumba cha futi 10 ninaziamini kuliko monita yoyote.

Mdau wa Kirumba: Nikiongeza sabufa yangu ya nyumbani kwenye HS5 ili nipate besi kamili, kuna ubaya?

Upo. Sabufa hiyo na HS5 zitapiga kwa pamoja noti za kuanzia kama Hz 54 hadi 100 na zaidi, hutajua besi unayoisikia imetoka wapi, na utaipunguza kwenye wimbo bila sababu. Iache sebuleni. Ukimaliza miksi, mpelekee mtu anayeisikiliza kila siku, acha apige wimbo wako katikati ya nyimbo zake, na wewe kaa kimya uone kama atagusa kitufe cha besi.