Mdiria, mwewe na mzee wa mtumbwi: ninavyopiga picha za ndege wakiwa kazini

Picha niliyoipenda kuliko zote ilikaa ukutani kwangu miezi minne kabla mzee mmoja mvuvi hajaimaliza kwa maneno machache. Ilikuwa ya kwazi, tai mla samaki, akiruka kutoka kwenye jiwe ziwani, mabawa yamefunguka yote, kichwa cheupe pee, jicho kali kama wembe. Kila niliyemwonyesha alisema, "Umetisha, dada!" Kichwa kikazidi kuvimba. Siku moja nikaibeba hadi mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga. Mzee akafuta mikono kwenye kaptura, akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama kimya mpaka nikaanza kuona haya.

"Mwanangu, huyu hawindi. Huyu anakukimbia."

"Si anaruka tu, mzee?"

"Anayewinda haangalii nyuma. Mtazame shingo."

Nikatazama. Shingo imepinda, na lile jicho nililojivunia lilikuwa linanitazama mimi. Nikaikumbuka asubuhi ile: nilikuwa nanyata juu ya mawe, hatua kwa hatua, na hatua ya mwisho kijiwe kikaporomoka majini. Miezi minne nimetundika ukutani usumbufu wangu mwenyewe.

Naishi Mwanza. Ugali wangu unatoka kwenye sendofu, harusi na kipaimara; ndege ni wa Jumapili alfajiri, kabla ya ibada ya pili. Nitaeleza ninavyowapiga, na ninavyozipeleka picha kwa watu wasionionea haya, maana nusu hiyo ya pili ndiyo iliyonichelewesha.

Ukiwa unaanza, mwache kwazi, anza na mwewe. Pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, dagaa wakianikwa na samaki wakipasuliwa, mwewe hawakosekani angani. Salimia kwanza, eleza unachotafuta, ndipo utoe kamera. Watu walio kazini hawapendi kuelekezewa lenzi bila salamu, na wamama wa dagaa wakishakuzoea watakuwa macho yako: "Dada, yule anakuja, yule!" Uzuri wa mwewe ni kwamba ukimkosa huyu, yupo mwenzake nyuma. Hutelemka, hunyakua kwa kucha bila kutua, kisha hula angani akiupeleka mguu mdomoni. Hapo mguu unapokutana na mdomo ndipo pa kubonyeza. Mwewe anayeelea tu na mabawa yamenyooka utampata kila siku, na utamchoka kila siku.

Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe 1/2000 ya sekunde. Kwa 1/1000 mwili utatulia lakini ncha za mabawa zitakuwa ukungu; wengine wanaupenda ukungu huo, mimi siupendi kwa mwewe. Fungua lenzi yote inavyoweza, yangu inaishia f/6.3 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iachie kamera ipange yenyewe. Chembechembe za ISO 3200 zinavumilika. Picha iliyotikisika haina dawa. Fokasi iwe ile inayomfuata ndege bila kusimama: menyu ya Canon huiandika AI Servo au Servo, ya Nikon na Sony huiandika AF-C. Halafu kuna suala la anga. Kamera ikiona anga jeupe hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na mwewe anatoka mweusi kama mkaa. Ongeza mwanga kwa hatua moja (+1 kwenye kamera), au zaidi kama kuna mawingu meupe.

Mengine ni mwili. Panua miguu, viwiko vigande mbavuni, geuka kwa kiuno na si kwa mikono. Anza kumfuata akiwa bado mbali, hata kabla hujajua kama atashuka. Bibi harusi huingia ukumbini taratibu na MC anakutangazia. Mwewe hana MC.

Wiki nne hivi za mwewe zikinyoosha mkono wako, hamia kwa mdiria. Namsema yule ndege mvua samaki mweusi na mweupe, ambaye ukanda wa ziwa umejaa. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja, tena mara nyingi umekatika katikati. Huyu husimama hewani juu ya maji, mabawa yakipigapiga kwa kasi, kichwa kimetulia kana kwamba kimepigiliwa msumari. Hapo anatafuta dagaa.

Kabla ya kamera, soma upepo. Ndege anayesimama hewani huelekeza uso kule upepo unakotoka. Asubuhi upepo wa huku kwetu hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na jua linachomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1, upande wa nchi kavu vilevile. Kwa hiyo ukisimama ufukweni ukitazama ziwa, jua liko mgongoni, upepo uko mgongoni, na mdiria anakutazama wewe huku mwanga umemjaa usoni. Alasiri mambo yanapinduka: upepo unatoka ziwani, jua liko mbele yako, na unachopata ni mkia wenye kivuli. Nilipoteza miezi mingi kwa kwenda jioni kwa sababu tu jioni nilikuwa na nafasi. Saa 3 asubuhi huwa nimeshafunga begi.

Tafuta nguzo anayorudia. Mdiria ana vituo vyake: nguzo ya kufungia mitumbwi, waya, tete lililoinama. Chini ya kituo kizuri utaona madoa meupe ya kinyesi. Kaa umbali ambao haumfanyi abadilike, kaa chini, tulia nusu saa bila kupiga. Nasema nusu saa na namaanisha nusu saa. Akibana manyoya mwilini, akisimama wima, akianza kutoa sauti au kugeuza kichwa kukutazama tena na tena, umeshasogea mno, rudi nyuma. Kama ukingo wa udongo ulio karibu una matundu ambamo wanaingia na samaki, hayo ni makazi yao na kuna makinda ndani, tafuta sehemu nyingine. Na usimrushie dagaa ili ashuke pale unapotaka wewe.

Akisimama hewani, usishike kitufe moja kwa moja. Mara ya kwanza nilifanya hivyo: kamera ikapiga fremu ishirini na ushee za ndege aliyesimama, ikajaa, ikakwama, na yeye akazama majini mimi nikitazama taa nyekundu ya kadi ikiwakawaka. Piga mafungu mafupi ya fremu tatu au nne. Kisha mtazame mabawa. Mara nyingi hushuka ngazi moja, anasimama tena chini kidogo, na ghafla mabawa yanafyata mwilini. Yakifyata, shika kitufe na teremsha lenzi pamoja naye. Hapa shata ni 1/3200, na bado wengi watakutoka. Kwa siku nzuri nabaki na picha mbili kati ya mia nne.

Siri ni kwamba picha bora mara nyingi haiko kwenye kuzama. Iko sekunde kumi baadaye, akirudi kituoni. Humshika dagaa mdomoni, humgonga kwenye nguzo kulia, kushoto, kulia, matone yanaruka, kisha humgeuza ammeze kwa kutanguliza kichwa. Nguzo unaijua, umbali unaujua, fokasi umeshaiweka. Jihadhari na kifua chake tu: nyuma kukiwa na mawe meusi kamera itaongeza mwanga na ule weupe utaungua, manyoya yasionekane hata moja. Hapo fanya kinyume cha mwewe, punguza theluthi mbili ya hatua.

Nyumbani, usichague siku ileile. Bado unasikia baridi ya matope magotini, na picha iliyokutesa utaidhania nzuri. Ngoja wiki. Chagua tano, si hamsini, zipeleke studio zichapishwe sentimita 10 kwa 15. Kwenye kioo cha simu kila kitu ni kikali. Karatasi haidanganyi hivyo.

Sasa nani wa kumpelekea? Si mama yako. Mama yangu hadi leo anaipenda ile ya kwazi, na kwa heshima nimemwachia. Nina watu watatu. Mmoja ni mwalimu wangu wa studio, aliyeanza na filamu enzi picha moja ilikuwa pesa. Yeye ni wa mwanga na mpangilio. Wa pili ni yule mzee wa mtumbwi, ambaye hajui f/6.3 ni nini ila amewatazama ndege hao miaka yote akisubiri nyavu. Wa tatu ni fundi cherehani jirani yangu, ambaye ndege hawamhusu kabisa. Akiuliza "hiki ni nini?", picha imeshajibu vibaya.

Ukimkabidhi mtu picha, nyamaza. Hili ndilo gumu kuliko mdiria. Ulimi unawasha useme "nililala kwenye matope kwa saa mbili", "jua lilikuwa limeingia wingu", "lenzi yangu ya mtumba". Hutaenda na picha kila mahali uieleze. Badala ya "unaionaje?", ambayo kwetu jibu lake ni "hongera" kwa sababu watu wana adabu, uliza kitu cha kushikika: jicho lako limeanzia wapi? Ndege huyu anafanya nini? Katika hizi tano, ipi nitupe? Hilo la mwisho ndilo linalofungua kinywa, maana umeshampa ruhusa ya kukataa. Wazee hasa hawatakukosoa mpaka uombe hivyo, na ukishaomba usikunje uso.

Andika wanachosema kwenye daftari, kwa maneno yao, na usiguse picha usiku huo. Wawili wakisema jambo lilelile bila kukutana, ni kweli, hata likiuma. Akisema mmoja tu, pima. Mwalimu aliwahi kuniambia nifute kwa kompyuta mtumbwi uliokuwa nyuma ya mdiria. Nilimwambia, "Shikamoo mwalimu, lakini mtumbwi ulikuwepo." Hakufurahi. Tunabishana hadi leo, naye ananisaidia vilevile.

Jumapili iliyopita nilipata ile niliyokuwa naitafuta: mdiria dume juu ya nguzo, dagaa mdomoni amepinda kama upinde, matone manne hewani. Mzee aliitazama akacheka. "Haya, huyu sasa yuko kazini. Hata hajui kama upo." Fundi alisema, "Anampiga samaki." Nikampelekea mwalimu nikiwa na matumaini makubwa. Akavaa miwani, akaivua, akaweka kidole cha shahada juu ya kichwa cha ndege.

"Huu mlingoti wa nyuma mbona unamwota utosini?"

Sikuwa nimeuona kabisa. Asubuhi ya Jumapili hii nitasogea hatua mbili kushoto.