Blogu ya wanafunzi katika masomo ya chuo: swali kwanza, mtandao baadaye

Mara ya kwanza nilipowaagiza wanafunzi wangu wa jiografia hapa Goma, mashariki mwa Kongo, waandike kwenye blogu ya darasa, niliwapa mada moja fupi: «Elezeni volkano ya Nyiragongo». Zilikuja makala zaidi ya sitini, na karibu zote zilikuwa aya ileile ya silabusi, iliyonakiliwa pamoja na kosa la tahajia nililolifanya mimi mwenyewe. Hawakuwa wavivu. Walijibu sawasawa na walivyoulizwa, maana swali ambalo jibu lake limekwisha kuandikwa kwenye silabusi humwomba mtu anakili. Kwa hiyo mwalimu anayetaka blogu izidishe uelewa wa somo na aanze kwa kutunga swali, mambo ya mtandao yakisubiri.

Swali linalofaa huwa na miguu miwili, mmoja kwenye somo na mwingine kwenye mtaa anakoishi mwanafunzi, hata asiweze kulijibu kwa kusimama juu ya mguu mmoja. Chukua mfano wa mazuku, jina ambalo wenyeji wa kaskazini mwa Ziwa Kivu wameipa hewa mbaya itokayo ardhini na kutuama kwenye mabonde na mashimo, na ambalo wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wamelichukua kama lilivyo katika maandishi yao. Silabusi inasema kwamba hewa hiyo ina kaboni dioksidi nyingi, na kwamba kaboni dioksidi ni nzito takribani mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida. Aliyekariri sentensi hiyo atapata alama zake kwenye jaribio. Sasa mwulize hivi: kwa nini mbuzi hufia shimoni ilhali mchungaji aliyesimama ukingoni yu mzima, na kwa nini hatari huzidi alfajiri kuliko adhuhuri? Zungumza na mtu mmoja anayelima au kufuga upande wa Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma, uandike alichokuambia, kisha ueleze kwa kutumia somo. Hapo itambidi aone kwamba hewa nzito hulala chini, kwamba pua ya mbuzi iko karibu na ardhi kuliko ya mtu mzima, na kwamba usiku usio na upepo huiacha itulie mpaka upepo wa mchana uitawanye. (Mimi huwakataza kabisa wanafunzi kwenda kuchungulia mashimo yenyewe, mazungumzo yafanyike nyumbani kwa mkulima.) Swali la namna hii lina faida nyingine siku hizi: programu za akili bandia zinaweza kueleza kaboni dioksidi vizuri kabisa, lakini hazikuketi na yule mkulima.

Jambo la pili ni namna ya kuandika. Mwagize mwanafunzi asome, afunge daftari, aandike rasimu ya kwanza kutoka kichwani, ndipo alifungue tena kusahihisha. Watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha mwaka 2006 majaribio yaliyolinganisha wanafunzi waliosoma matini mara mbili na wale walioisoma mara moja kisha wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya wiki moja kundi la pili lilikumbuka kiasi cha asilimia 56 ya yaliyomo, na la kwanza asilimia 42. Mwanafunzi anayeandika huku silabusi imefunuliwa mbele yake anajinyima faida hiyo, hata makala yake ikitoka safi.

Nisisitize zaidi suala la lugha, kwa kuwa naliona ndilo lenye mavuno makubwa katika vyuo vyetu. Sisi hufundisha kwa Kifaransa, na mwanafunzi hodari anaweza kupita miaka mitatu akirudisha sentensi za Kifaransa ambazo hajawahi kuzipasua ndani. Mruhusu, tena mlazimishe, aandike makala yake kwa Kiswahili ambacho mama yake au jirani yake wa mtaa wa Mabanga ataelewa, kisha aongeze muhtasari wa mistari mitano kwa Kifaransa. Anapotafuta namna ya kusema kwamba lava ya Nyiragongo ni nyepesi kutiririka kwa sababu ina silika kidogo (ile kemikali iliyomo kwenye mchanga na miamba), hugundua kwamba hajui silika inafanya kazi gani humo. Mmoja aliandika kwanza kwamba lava hiyo «ni maji maji kwa sababu ni moto sana», rafiki yake akamwuliza kama basi lava nyingine ni baridi, na kutoka hapo tukapata kipindi kizima cha saa mbili ambacho sikukiandaa.

Maoni ya wenzao nayo yanahitaji sheria, la sivyo utapata «hongera, makala nzuri» mara mia. Sheria yangu ni moja: kila maoni yalete swali, au sahihisho, au ushuhuda kutoka mtaa mwingine. Tulipoandika juu ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, mmoja alieleza lava ilivyofika Buhene, pembezoni mwa mji, ikasimama. Wengine wakakumbuka matetemeko ya siku zilizofuata na agizo la tarehe 27 Mei la kuhamisha mitaa kadhaa ya mji, watu wakielekea Sake kwa miguu na kwa pikipiki. Swali lililozuka ni hili: kama lava ilikuwa imesimama, mji ulihamishwa kwa nini? Jibu, yaani hofu ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka ambao bado uko ardhini, iliyokuwa imejipenyeza chini ya mji hadi chini ya ziwa, walilitafuta wenyewe kwa sababu walilihitaji.

Ukiwa na darasa la watu 120, usithubutu kuwaandikisha wote wiki moja. Wagawe katika makundi matano, kila wiki kundi moja liandike na jingine litoe maoni. Soma zote, jibu kwa kina sita au saba tu, na uanze kila kipindi kwa kusoma makala moja kwa sauti. Mimi hugawa alama 20 hivi: 8 kwa maelezo ya kisayansi, 6 kwa ushuhuda, 4 kwa maoni, 2 kwa usafi wa lugha.

Upande wa mitambo ni mfupi. Fungua blogu moja ya darasa zima kwenye WordPress au Blogger, usimtake kila mwanafunzi afungue yake. Waandike rasimu kwenye simu bila intaneti, waitume mega za intaneti zikipatikana, pasipo video na kwa picha moja ndogo. Asiye na simu aandike kwenye karatasi, mwenzake amchapie.

Usalama, kinyume chake, usiupitie haraka. Katika mji kama wetu neno moja linaweza kumletea mtu taabu, kwa hiyo blogu ifungwe kwa nywila, wanafunzi watumie majina ya kubuni ambayo orodha yake mwalimu anaitunza kwenye karatasi, na pasiwepo sura ya mtu, jina la shahidi wala habari ya watu wenye silaha. Makala yoyote ikikutia shaka, iondoe kwanza, mzungumze baadaye.

Mwisho wa muhula usiifute blogu. Wanafunzi wa mwaka unaofuata wape kazi ya kwanza ya kuchagua makala moja ya waliowatangulia, kutafuta kosa au pengo ndani yake, na kulisahihisha kwa ushahidi.