Namna ya kutumia neno "kafiri" bila kukosea

Ukitafsiri mahubiri hapa Bukavu, anza na mzizi. Kafiri limetoka Kiarabu, k-f-r, kufunika. Ndiyo maana katika Kurani, sura ya 57 aya ya 20, wafasiri wengi husoma "kuffar" kuwa wakulima, wanaofukia mbegu udongoni. Kufuru na kafara ni ndugu zake. Kidini, kafiri ni anayeikataa imani aliyofikishiwa, si kila asiyesali.

Kwa hiyo ukikuta "païen" ya Kifaransa, andika mpagani, la Kilatini paganus, mtu wa kijijini. Kwa asiye na dini, "asiyeamini" latosha.

Usimwite mtu kafiri usoni, hasa mgeni wa Afrika Kusini: kwao ni tusi zito la ubaguzi wa rangi.