Kumlaza Mgonjwa Kifudifudi Ili Oksijeni Ipande

Mgonjwa mwenye nimonia kali anapolala chali, moyo na tumbo huelemea sehemu ya nyuma ya mapafu, vifuko vya hewa vya huko hunywea, na damu hupita bila kuchukua oksijeni. Akilalia tumbo, sehemu hiyo hufunguka. Utafiti wa Ufaransa na Hispania uliochapishwa mwaka 2013, kuhusu wagonjwa mahututi waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, ulionyesha kuwa kulazwa hivyo kwa angalau saa 16 mfululizo kulipunguza vifo vya siku 28 kutoka takriban asilimia 33 hadi 16.

Kumgeuza mgonjwa wa mashine ni kazi ya timu iliyofunzwa. Katika wodi nyingi za Uganda, ambako ndugu ndiye hukaa kitandani pa mgonjwa mchana na usiku, mgonjwa anayefaa zaidi kulazwa hivyo ni yule aliye macho, anayefuata maelekezo na anayeweza kujigeuza.

Asubiri kama saa moja baada ya kula. Hakikisha mpira wa oksijeni ni mrefu wa kutosha na haujakunjika, kwani kugeuka hakuchukui nafasi ya oksijeni. Weka mto au blanketi lililokunjwa chini ya kifua na jingine chini ya nyonga, ili tumbo lisibanwe; mto chini ya tumbo lenyewe huharibu kazi yote. Kichwa kielekee upande mmoja.

Pima oksijeni ya damu kwa kifaa kinachobanwa kidoleni kabla ya kumgeuza na dakika 15 baadaye, kwenye ukucha usio na rangi. Ikishuka, kagua mpira kwanza, kisha mbadilishe mkao. Akivumilia, akae hivyo kati ya nusu saa na saa mbili, kisha alalie ubavu wa kulia, aketi akiegemea mito, alalie ubavu wa kushoto, na kurudia. Akichoka, akipumua mara 35 au zaidi kwa dakika, au akianza kuchanganyikiwa, mrudishe akae wima na mwite daktari mara moja.

Mkao huu haumfai mwenye jeraha la uti wa mgongo, anayetapika, wala ambaye shinikizo lake la damu limeshuka. Mjamzito wa miezi ya mwisho alalie ubavu wa kushoto. Mtu mzima ambaye pafu moja tu ndilo bovu kwa kawaida hunufaika akilalia upande wa pafu lisilo na ugonjwa, lakini kwa mtoto mchanga mambo huweza kuwa kinyume, na kwa anayekohoa damu pafu linalovuja ndilo huwekwa chini.