Flaksi iondoke kwenye bodi, isisambazwe

Mafundi wengi hapa Moshi wakimaliza kuchomelea bodi za elektroniki hufanya hivi: pamba, spiriti kidogo, sugua, basi. Baada ya muda bodi inaota ukungu mweupe na mteja anauliza kama ni kutu. Ukungu ule ni flaksi yenyewe, ile dawa inayopakwa ili risasi ya kuchomelea ishike vizuri. Spiriti iliiyeyusha ikaitandaza, kisha ikapaa na kuiacha palepale, tena imefika hata mahali ambapo mwanzoni haikuwepo. Kuyeyusha ni nusu tu ya kazi. Kilichoyeyuka lazima kitoke kwenye bodi kikiwa bado majimaji.

Anza kwa kujua umetumia flaksi gani. Ile ya kahawia inayogandia kama asali ni kolofoni, inatokana na utomvu wa misonobari, na alkoholi inaiyeyusha vizuri. Ile ambayo kopo lake linasema haihitaji kusafishwa, ukiipasha joto la kutosha unaweza kuiacha. Lakini sisi wa kutengeneza simu na inveta tunaimwaga nyingi chini ya chipu, na sehemu isiyofikiwa na joto inabaki na ukali wake. Hiyo isafishe yote au usiiguse. Kuisafisha nusunusu ni kubaya zaidi. Ya tatu ni ya kuosha kwa maji. Ina tindikali kali, kwa hiyo ioshwe siku hiyohiyo kwa maji ya uvuguvugu, na suuza ya mwisho iwe maji ya betri yasiyo na madini. Soma chupa kwanza uhakikishe ni maji na si asidi. Flaksi ya mafundi bomba usiilete kabisa kwenye meza ya elektroniki, inaendelea kuila shaba hata baada ya kazi kwisha.

Kuna wanaosema kusafisha ni urembo tu. Mimi napokea kontrola nyingi za sola, vile vidude vinavyosimamia kuchaji betri, kutoka Uru na Kibosho huko juu mlimani, ambako Julai ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba. Flaksi iliyobaki inashika vumbi, vumbi linashika unyevu, na umeme unapata njia ya pembeni. Chukua rizista ya kilo-omu 100 inayopima volti za betri. Ikipitiwa pembeni na uchafu wenye ukinzani wa mega-omu 1, pale pana kilo-omu 91 tu. Kama ni ile ya upande wa chini wa kigawanyo cha volti (rizista mbili zinazopunguza volti za betri ili zipimike), kontrola itaamini betri haijajaa na itaendelea kuichaji mpaka iichemshe. Mteja atalaumu betri, atanunua nyingine, na nayo itakufa vilevile.

Sasa kazi yenyewe. Chomoa umeme, toa betri, subiri kapasita kubwa ziishiwe chaji na uzipime kwa mita. Zima soda (chuma cha kuchomelea) na bloa ya hewa moto, fungua dirisha. Alkoholi ya isopropili, wengi tunaiita IPA, inaanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi joto 12 hivi, na mchana wa Moshi kwa kawaida una joto kuliko hilo. Tafuta ya asilimia 99. Ya asilimia 70 inafaa kuua vijidudu kwenye ngozi: karibu theluthi yake ni maji, na maji hayayeyushi kolofoni. Spiriti yenye rangi iache, rangi nayo inabaki kwenye bodi. Tina ya rangi inakula plastiki za soketi na kufuta maandishi.

Kata brashi ya rangi ndogo, nywele zake zibaki fupi na ngumu kiasi. Inamisha bodi, ukingo ulio karibu na sehemu chafu uwe chini. Mimina IPA ya kutosha ilowe kweli, sugua kuelekea ukingo wa chini, halafu mara moja, kabla haijapaa, laza kitambaa juu ya eneo lote na upige brashi juu yake. Kitambaa kinanyonya IPA pamoja na flaksi. Kitambaa kizuri ni tisheti nyeupe ya pamba iliyofuliwa sana, kwenye mitumba zimejaa. Haiachi nyuzi kama pamba ya dawa. Badilisha sehemu ya kitambaa kila mara. Kikitoka na unjano, rudia kwa IPA mpya. Kikitoka cheupe, malizia kwa kumimina kidogo juu ya bodi iliyoinamishwa ili itiririke.

Rilei zilizo wazi, swichi, potenshiometa, maikrofoni na baza usizilowanishe. IPA iliyobeba flaksi ikiingia humo, inakaukia kwenye migusano na huwezi kuifikia tena. Elekeza mtiririko mbali nazo tangu mwanzo.

Simamisha bodi penye upepo kwa saa moja au zaidi, kwa sababu chini ya chipu panachelewa kukauka. Kisha ishike chini ya taa, uigeuzegeuze. Mng'ao wa mafuta kati ya miguu ya chipu, au kidole kunata, maana yake bado. Rudia hapo tu.

IPA chafu usiirudishe kwenye chupa. Mimina unayohitaji kwenye kikombe kidogo cha chuma au kioo, na ikianza kuwa ya njano weka nyingine.